Majina ya asteroidi: je, wanaastronomia huenziwa kwa mchango wao au kwa urafiki wao na wagunduzi?

#1 Mtazamanyota

Wakuu, salaam. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikipitia orodha ya asteroidi, yaani miamba midogo inayolizunguka Jua, zilizopewa majina ya watu, nikiwatafuta wale tu waliofanya kazi ya astronomia, na nimefikia dai ambalo naliweka mbele yenu mlipige msasa: jina la asteroidi halipimi ukubwa wa mchango wa mtu katika elimu ya anga, bali hupima ukaribu wake na yule aliyeigundua.

Tazameni wenyewe. Edwin Hubble, aliyethibitisha kwamba zipo galaksi nyingine nje ya hii yetu, ana namba 2069. Isaac Newton ana namba 8000. Henrietta Leavitt, ambaye mwaka 1912 alieleza uhusiano kati ya mwangaza wa nyota za Sefeidi, ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka, na muda wa kubadilika kwake, na ambaye bila kazi yake Hubble asingekuwa na kipimo cha umbali, ana namba 5383. Lakini namba 253, Mathilde, inaaminika kuwa ni jina la mke wa Moritz Loewy, aliyekuwa naibu mkurugenzi wa kituo cha kuangalia anga cha Paris. Namba 719, Albert, ni ya Albert von Rothschild, tajiri wa benki. Namba 323, Brucia, ni ya Catherine Wolfe Bruce, mama aliyemchangia Max Wolf, mgunduzi wa asteroidi wa Kijerumani, dola 10,000 za darubini.

Sina ugomvi na wafadhili wala na wake za watu. Ninachouliza ni hiki: kama tunasema kwamba asteroidi ni heshima ya kudumu kwa wanasayansi, mbona waliobadilisha elimu yenyewe wamewekwa nyuma ya waliotoa fedha?

#2 Msomi wa Obiti

Ahsante kwa uzi. Naomba turekebishe jambo moja kabla halijaota mizizi, nalo ni kwamba namba ya asteroidi si cheo. Kitu kipya kinapoonekana hupewa kwanza alama ya muda yenye mwaka na herufi mbili, ambapo herufi ya kwanza huonyesha nusu ya mwezi kilipoonekana na ya pili huonyesha kilikuwa cha ngapi katika nusu hiyo. Namba ya kudumu hufuata pale tu njia yake ya kulizunguka Jua inapojulikana kwa uhakika, na mara nyingi hilo huchukua miaka kadhaa. Baada ya hapo ndipo mgunduzi anapata haki ya kupendekeza jina, kwa muda wa miaka 10, na pendekezo lake hupitiwa na kamati ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia.

Kwa hiyo namba 253 kuitangulia namba 2069 kunatueleza tu kwamba Mathilde ilipatikana mwaka 1885 na ile ya Hubble mwaka 1955. Mwaka 1885 Hubble alikuwa hajazaliwa. Hapo hakuna aliyewekwa nyuma ya mwenzake.

#3 Bi Zuhura

Mtazamanyota, nakubaliana na Msomi kuhusu namba, ila nataka kukupinga kwa namba hizo hizo. Zipange hizi tano kwa mfuatano: 998 Bodea, 999 Zachia, 1000 Piazzia, 1001 Gaussia, 1002 Olbersia. Zote zilipatikana mwaka 1923. Tatu za mwanzo aliziona Karl Reinmuth huko Heidelberg, Ujerumani, na mbili za mwisho zilionekana Simeiz, katika rasi ya Krimea. Ukiyasoma majina hayo kwa utaratibu unakuwa umesoma kisa kizima cha asteroidi ya kwanza.

Johann Bode aliieneza kanuni ya umbali wa sayari iliyoashiria kwamba kati ya Mirihi na Mshtarii pana nafasi inayopaswa kuwa na sayari. Franz Xaver von Zach akawakusanya wanaastronomia waitafute kwa kugawana anga vipande vipande. Kabla utaratibu wao haujakolea, Giuseppe Piazzi wa Palermo, aliyekuwa akitengeneza orodha yake ya nyota, akaona tarehe 1 Januari 1801 nukta iliyokuwa ikihama kila usiku. Aliifuatilia hadi Februari, akaugua, na nukta ile ikapotelea katika mwanga wa Jua. Carl Friedrich Gauss, kijana wa miaka 24, akabuni njia ya kukokotoa mzunguko wake kwa vipimo vichache vilivyokuwapo. Tarehe 31 Desemba 1801 Zach akaiona tena karibu na pale hesabu za Gauss zilipoelekeza, na usiku uliofuata Heinrich Olbers naye akaiona. Ndiyo Ceres.

Waliopanga majina hayo matano hawakuwa wakiwalipa marafiki fadhila. Watu wenyewe walikuwa wamefariki miongo mingi iliyopita. Kama huo si mchango unaoenziwa, basi sijui mchango ni nini.

#4 Mtazamanyota

Bi Zuhura, nimelisoma bandiko lako mara mbili na nimefurahi sana, kwa sababu majina hayo nilikuwa nayo katika orodha yangu na sikuwahi kuyaona yakiwa yamekaa pamoja. Hata hivyo namba 1000 ilikuwa ni tukio, na palipo na sherehe hata mwenye upendeleo hujitahidi kutenda haki. Na bado haki yenyewe haikukamilika. Kanuni ile unayoitaja aliiandika kwanza Johann Titius mwaka 1766, na Bode aliichukua kwake mwaka 1772. Bode akapata 998 katika msafara ule wa heshima, na Titius alisubiri hadi namba 1998. Elfu moja kamili baadaye.

#5 Kaskazi

Habari zenu. Mnabishana juu ya waliopewa, nami nawaletea mtu ambaye hakutaka. Gustav Stracke alikuwa mwanaastronomia wa Kijerumani aliyetumia maisha yake kukokotoa njia za asteroidi, kazi ngumu isiyo na sifa za magazetini, naye aliomba kwamba asteroidi yoyote isipewe jina lake. Reinmuth, huyo huyo aliyetajwa na Bi Zuhura, akataka kumuenzi bila kulivunja ombi lake. Akachukua asteroidi nane zinazofuatana, kuanzia 1227 hadi 1234, akazipa majina ya mimea: Geranium, Scabiosa, Tilia, Riceia, Auricula, Cortusa, Kobresia, Elyna. Someni herufi za kwanza tu. Zinasema G. Stracke.

Kila ninapokisimulia kisa hiki moyo wangu hulainika. Mtazamanyota atasema kwamba huu ni urafiki, na kwa kweli ni urafiki, lakini ulizaliwa na kazi.

#6 Msomi wa Obiti

Kaskazi, kisa ni cha kweli ila umekiacha katikati. Ipo asteroidi namba 1019 inayoitwa Strackea, nayo inamuenzi Stracke huyo huyo. Kwa hiyo jina lake lipo angani mara mbili, mara moja wazi na mara moja kwa fumbo. Tukikisimulia kisa cha majani na maua bila kuitaja Strackea tunakuwa tumekipamba kupita kiasi.

#7 Kaskazi

Nimekubali, na ahsante. Sikuwa nikiifahamu 1019. Miaka yote nimewasimulia watu nusu ya habari.

#8 Mwalimu Tausi

Mimi ni mwalimu wa sayansi na nimewahi kuitumia orodha hii darasani, hivyo naongeza upande ambao naona haujaguswa. Dai la Mtazamanyota linasahau kwamba kwa muda mrefu wanaume hawakuwa na mlango wa kuingilia katika majina haya, kwa kuwa desturi ilidai majina ya kike, kwanza ya miungu wa kike wa Kiyunani na Kirumi. Mwanasayansi wa Kijerumani Alexander von Humboldt alipoenziwa mwaka 1858 ilibidi aitwe Alexandra, namba 54. Ndiyo maana Piazzi akawa Piazzia, Gauss akawa Gaussia, na Galileo akawa Galilea, namba 697, asteroidi iliyopatikana mwaka 1910, miaka 300 baada ya yeye kuiona miezi minne ya Mshtarii. Eros, namba 433, ilipata jina la kiume mwaka 1898 kwa sababu njia yake ilikuwa ya ajabu, ikiisogelea Dunia kuliko nyingine zote zilizojulikana wakati huo. Mpaka tunafika 1134 Kepler, iliyoonekana mwaka 1929, desturi ilikuwa imelegea na jina likabaki kama lilivyo.

Kwa hiyo maelezo yangu ni kwamba desturi ya lugha ndiyo iliyowachelewesha wakubwa, wala si urafiki.

#9 Bi Zuhura

Mwalimu, kama desturi ilipendelea majina ya kike, wanawake wenyewe wa astronomia wangekuwa wamejaa katika zile namba mia za mwanzo. Hawakujaa. Wapo wachache, kama Hypatia wa Aleksandria, namba 238, na Caroline Herschel, na kinachofuata ni safu ndefu ya wake, mabinti na miungu. Annie Jump Cannon, aliyeainisha nyota zaidi ya 300,000 kwa macho yake, yuko 1120 Cannonia. Maria Mitchell, mwanaastronomia wa Marekani, yuko 1455 Mitchella. Vera Rubin, aliyepima mzunguko wa galaksi hadi wenzake wakalazimika kuizungumzia maada isiyoonekana, ni 5726 Rubin. Jocelyn Bell Burnell, aliyegundua palsa, nyota zinazotoa mapigo ya mawimbi ya redio, mwaka 1967 akiwa bado mwanafunzi, ni 25275 Jocelynbell.

#10 Mwalimu Tausi

Hoja yako ni nzito na sina jibu lake lote. Ila Caroline Herschel nitamzungumzia kidogo, kwa sababu wanafunzi wangu huwa hawampati katika orodha. Hayuko chini ya Caroline. Johann Palisa, mgunduzi wa asteroidi wa Vienna, alimpa namba 281 mwaka 1888 na kuiita Lucretia, jina lake la pili. Nadhani sababu ni kwamba Palisa mwenyewe alikuwa tayari ana 235 Carolina, iliyopewa jina la kisiwa cha Caroline katika Pasifiki alikokwenda kutazama kupatwa kwa Jua mwezi Mei 1883. Mwanamke aliyegundua nyotamkia nane akapishwa na kisiwa.

Na Cecilia Payne-Gaposchkin, aliyeonyesha mwaka 1925 kwamba nyota kwa sehemu kubwa ni hidrojeni, ana namba 2039. Kanuni inataka jina lisizidi alama 16. Hesabuni herufi za jina lake pamoja na kistari: ni 16 kamili. Wanafunzi wangu hupenda kulihesabu wenyewe ubaoni, na jina lile hawalisahau tena.

#11 Mwanafunzi wa Anga

Shikamooni wote. Naomba kuuliza. Mbona karibu majina yote mliyotaja ni ya Ulaya na Marekani? Wale waliotupa majina ya nyota yenye asili ya Kiarabu kama Aldebaran na Fomalhaut hawakukumbukwa?

#12 Nahodha wa Usiku

Marahaba. Wamekumbukwa, ingawa wengi wao kwa kuchelewa. Abd al-Rahman al-Sufi, ambaye katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964 aliitaja galaksi ya Andromeda kama wingu dogo, yuko 12621 Alsufi. Al-Biruni yuko 9936. Nasir al-Din al-Tusi yuko 10269 Tusi. Ibn al-Haytham, aliyeeleza jinsi jicho linavyopokea mwanga, yuko 59239 Alhazen. Ulugh Beg, mtawala aliyejenga kituo cha kuangalia anga huko Samarkand na kusimamia orodha ya nyota zaidi ya 1,000 katika karne ya 15, yuko 2439 Ulugbek.

La kushangaza ni al-Khwarizmi, ambaye pamoja na hisabati alitengeneza majedwali ya astronomia. Yeye ana asteroidi mbili: 11156 Al-Khwarismi na 13498 Al Chwarizmi. Kanuni inakataza majina yanayofanana mno, lakini jina la Kiarabu likiandikwa kwa tahajia mbili za Ulaya hugeuka kuwa majina mawili.

#13 Mtazamanyota

Mwanafunzi, swali lako limeugusa moyo wa dai langu kuliko bandiko langu la kwanza. Mgunduzi hutoa jina kutoka katika kumbukumbu yake. Kama vituo vya kugundua vilikuwa Heidelberg, Vienna, Nice na Simeiz, kumbukumbu zilizopanda angani zilikuwa za huko. Wachina walipoanza kugundua kwa wingi katika kituo cha Mlima wa Zambarau, Nanjing, tukampata namba 1802 Zhang Heng, yule wa karne ya pili aliyetengeneza tufe la anga lililozungushwa kwa maji, na tukampata namba 2012 Guo Shou-Jing. Kwa hiyo nalitanua dai langu: si urafiki wa mtu na mtu peke yake, ni ujirani wa kumbukumbu.

#14 Nahodha wa Usiku

Umewataja Wachina, basi sikilizeni habari ya Zhang Yuzhe, maana inakwenda mbali zaidi ya ujirani. Mwaka 1928, akiwa mwanafunzi nchini Marekani, aligundua asteroidi akaipa jina la nchi yake, 1125 China. Haikuonekana tena. Mwaka 1957 kituo cha Nanjing kikapata asteroidi iliyodhaniwa kuwa ndiyo ile, na jina pamoja na namba vikahamia kwake. Mwaka 1986 asteroidi ya mwanzo ikapatikana kweli, mahali pengine kabisa, nayo ikapewa namba mpya na jina 3789 Zhongguo, yaani China kwa Kichina. Zhang mwenyewe yuko 2051 Chang, asteroidi iliyogunduliwa katika kituo cha Chuo Kikuu cha Harvard. Waliomuenzi si majirani zake.

#15 Msomi wa Obiti

Kwa kuwa tumefika kwenye asteroidi zilizopotea, niongeze kwamba ile 719 Albert ya bandiko la kwanza iligunduliwa na Palisa mwaka 1911, ikapotea, na haikuonekana tena hadi mwaka 2000. Ya 878 Mildred, iliyopewa jina la binti wa mwanaastronomia Harlow Shapley, ilipotea kuanzia 1916 hadi 1991. Nazitaja ili tukumbuke kwamba heshima hii inategemea ukokotoaji. Jina linaweza kuwa limeandikwa kitabuni na jiwe lenyewe lisijulikane liliko.

Ndiyo sababu nakipenda kisa kimoja cha Hubble. Katika maisha yake yote aligundua asteroidi moja tu, mwaka 1935, nayo ni 1373 Cincinnati. Jina hilo lilitolewa kuwaenzi wafanyakazi wa kituo cha kuangalia anga cha Cincinnati waliofanya sehemu kubwa ya hesabu za njia yake. Mtu mwenye jina kubwa alipata nafasi moja, na nafasi hiyo ikaenda kwa wakokotozi.

#16 Kaskazi

Hiyo ya Cincinnati sikuijua, na inakaa vizuri kando ya Stracke.

#17 Jua la Asubuhi

Samahani kwa kuingia kwa kuchelewa. Naomba kuonya jambo kwa sababu lilinipata. Miaka kadhaa iliyopita nililipa kampuni moja niliyoipata mtandaoni ili ndugu yangu aliyefariki apate nyota yenye jina lake. Nililetewa cheti kizuri chenye muhuri na ramani. Baadaye nilimwandikia mwanaastronomia mmoja nikimwomba anielekeze nyota ile, naye akanijibu kwa upole kwamba cheti kile hakitambuliwi na mtu yeyote anayefanya kazi ya anga. Nililia. Je, majina ya asteroidi nayo yanaweza kununuliwa?

#18 Msomi wa Obiti

Pole sana, ndugu. Hayanunuliwi. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia hauuzi jina la nyota wala la asteroidi. Majina yenye sura ya biashara hukataliwa. Wanasiasa na wanajeshi hawaruhusiwi mpaka ipite miaka 100 tangu wafariki, na majina ya wanyama wa kufugwa hayapendelewi tangu mgunduzi mmoja alipoipa 2309 jina la paka wake, Mr. Spock. Asteroidi zinazoisogelea Dunia kwa kawaida hupewa majina ya hadithi za kale, kwa hiyo wanaastronomia wengi utawakuta katika ukanda mkuu, kati ya Mirihi na Mshtarii.

#19 Mtazamanyota

Pole sana, Jua la Asubuhi. Msomi, hujagusia kwamba Brucia ilifuata dola 10,000. Palikuwa na fedha pale.

#20 Msomi wa Obiti

Fedha zilinunua lenzi. Bruce aliisaidia astronomia katika nchi kadhaa, na darubini aliyoilipia ilifanya kazi Heidelberg kwa miongo mingi. Hapo mimi naona mchango, wewe unaona malipo, na sidhani kama tutakutana leo.

#21 Mwanafunzi wa Anga

Je, ipo asteroidi ya mwanaastronomia yeyote ambayo chombo cha anga kimeifikia? Nilisoma kwamba chombo kilitua juu ya asteroidi ya Shoemaker.

#22 Nahodha wa Usiku

Hapo pana mkanganyiko unaowapata wengi. Chombo ndicho kilichoitwa NEAR Shoemaker, kwa heshima ya Eugene Shoemaker, mwanajiolojia aliyethibitisha kwamba makreta mengi, yaani mashimo makubwa ya duara, yametokana na kugongwa na vitu vya angani. Kilitua juu ya Eros tarehe 12 Februari 2001. Asteroidi yenye jina la Shoemaker ni 2074, iliyogunduliwa na Eleanor Helin, na hakuna chombo kilichokwenda huko.

Jibu la swali lako ni 2867 Šteins. Kārlis Šteins alikuwa mwanaastronomia wa Latvia, na tarehe 5 Septemba 2008 chombo cha Ulaya kiitwacho Rosetta kilipita karibu na asteroidi yake kikiwa njiani kuelekea kwenye nyotamkia. Picha zilionyesha jiwe la upana wa kilomita 5 hivi, lenye umbo kama la almasi iliyochongwa, na kreta ya takriban kilomita 2 upande mmoja. Kwa sababu ya umbo hilo, makreta yake yamepewa majina ya vito.

#23 Mwalimu Tausi

Tusiisahau Itokawa, 25143, ambayo chombo cha Japani Hayabusa kiliifikia mwaka 2005 na kurudisha vumbi lake mwaka 2010.

#24 Nahodha wa Usiku

Mwalimu, Hideo Itokawa alikuwa mhandisi wa roketi. Astronomia haikuwa kazi yake. Mathilde nayo, ile iliyomkera Mtazamanyota, ilipitiwa na chombo NEAR mwezi Juni 1997, kwa hiyo mke wa Loewy ameonekana kwa karibu miaka 11 kabla ya Šteins.

#25 Mtazamanyota

Haijanikera. Ila sasa ninao ushahidi mwingine. Palisa alimpa Max Wolf 827 Wolfiana, na Wolf akampa Palisa 914 Palisana. Mkono kwa mkono. Nani atakataa?

#26 Bi Zuhura

Nakataa mimi. Palisa aligundua asteroidi 122 akiwa anatazama kwa jicho katika darubini, usiku baada ya usiku, akizilinganisha nyota na ramani. Wolf ndiye aliyeanza kugundua kwa picha, mwaka 1891, kwa hiyo hiyo Brucia, na alifikisha 248. Mmoja alikuwa bingwa wa njia ya zamani, mwingine mwanzilishi wa njia iliyoimaliza ile ya zamani, na badala ya kugombana wakatengeneza pamoja ramani za nyota. Kama mwenye haki ya kutoa jina ni mgunduzi, na wagunduzi wakubwa wa zama zile ni hao wawili, ulitaka wapeane nini?

#27 Mtazamanyota

Ulivyolieleza, hata mimi ningewapa. Dai langu nalipunguza, silifuti.

#28 Kaskazi

Nimerudi na safu nyingine, maana bandiko la 3 lilinifanya nipitie namba zilizozunguka 2000. Iko hivi: 1996 Adams, 1997 Leverrier, 1998 Titius, 1999 Hirayama, 2000 Herschel, 2001 Einstein, 2002 Euler, 2003 Harding, 2004 Lexell, 2005 Hencke. Hirayama ndiye aliyeonyesha mwaka 1918 kwamba asteroidi zina familia. Harding aliigundua asteroidi Juno mwaka 1804. Lexell alionyesha kwamba kitu alichokiona William Herschel, kaka yake Caroline, ni sayari, ndiyo Uranusi. Hencke alikuwa mtu wa posta ambaye alitafuta kwa miaka 15 hadi akaiona Astraea mwaka 1845, wakati wengi walidhani asteroidi ni nne tu. Titius aliyesubiri, kumbe aliwekwa mahali pa heshima, jirani na Herschel.

#29 Nahodha wa Usiku

Umeona waliokaa 1996 na 1997? John Couch Adams wa Uingereza na Urbain Le Verrier wa Ufaransa, ambao kila mmoja kwa hesabu zake alikadiria mahali ilipo sayari isiyojulikana, na nchi zao zikagombania sifa baada ya Johann Galle kuiona Neptuni huko Berlin tarehe 23 Septemba 1846. Galle yuko mbali kidogo, 2097. Lakini Galle alielekeza darubini kwa hesabu za Le Verrier. Mbona Adams ametangulia?

#30 Mwalimu Tausi

Huenda ni alfabeti tu. A hutangulia L.

#31 Msomi wa Obiti

Asteroidi zote mbili zilipatikana na mpango wa Chuo Kikuu cha Indiana, ya Adams mwaka 1961 na ya Le Verrier mwaka 1963. Mfuatano wa namba unalingana na mfuatano wa ugunduzi, basi.

#32 Bi Zuhura

Msomi, mfuatano wa ugunduzi unaeleza jiwe lipi lilipata 1996. Hauelezi kwa nini jiwe hilo akapewa Adams. Mtoa majina alikuwa na mawe mawili mkononi na majina mawili, akachagua.

#33 Mtazamanyota

Hapo ndipo nilipoanzia, Bi Zuhura. Mtu mmoja, mawe mawili, akachagua. Ninaiandika safu ya Kaskazi katika daftari langu, kisha naanza kuzipitia zilizozunguka 3000 na 4000. Hapo 4000 nimeshamwona Hipparchus, na 4001 ni Ptolemaeus, aliyeirithi orodha yake ya nyota. Kabla yao, 3999, yuko Aristarchus, aliyesema Jua liko katikati. Nitarudi.